Pesa ya Kaya Inaingia Mkono wa Nani? Somo kutoka Bugarama

Kila dirisha la maombi ya mkopo linapofunguliwa, Bodi ya Mikopo humuuliza mwombaji kama kaya yao inanufaika na TASAF. Wengi wetu tuliotoka vijijini tunajaza namba ya kaya, tunabonyeza, tunaenda kipengele kinachofuata. Neno "kaya" linapita machoni kama neno lolote. Katika somo hili tutalisimamisha kidogo na kulihoji. Karibu kila msaada wa fedha unaomfikia maskini wa Tanzania huingia kupitia mlango wa kaya, na mama anayepigwa nyumbani ni mtu ambaye kaya yake imemgeuka. Je, msaada unamfikia?

Mfano wetu ni Bugarama, kata ya wilaya ya Ngara, Kagera, kwenye ukanda wa mpaka na Burundi. (Wenzetu wa Shinyanga watulie, hatuzungumzii Bugarama ya Msalala.) Ni sehemu ya migomba, maharage, mihogo na kahawa kidogo. Makao makuu ya wilaya yako mbali kwa anayetegemea nauli ya bodaboda, na mtu akisema "naenda Ngara" anamaanisha amejipanga kwa siku nzima. Tunayoyasema hapa yanafaa Biharamulo jirani, na yanafaa kijijini kwenu pia.

Kaya si sanduku lililofungwa

Darasani tunaanza kwa kuichukulia kaya kana kwamba ni mtu mmoja: kipato kimoja, mahitaji mamoja, uamuzi mmoja. Ni njia rahisi ya kupiga hesabu. Lakini Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, alionyesha kwamba ndani ya nyumba kuna ushirikiano na mvutano kwa wakati mmoja. Mwenye nguvu kwenye mvutano huo ni yule ambaye akitoka nje ya nyumba ile bado ana pa kushika. Asiye na pa kushika hukubali chochote.

Ushahidi upo. Uingereza ilikuwa na unafuu wa kodi kwa ajili ya watoto, ambao kwa kawaida ulionekana kwenye mshahara wa baba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 utaratibu ukabadilishwa, mama akaanza kulipwa posho ya watoto moja kwa moja. Watafiti Lundberg, Pollak na Wales, katika makala yao ya mwaka 1997, walikuta kwamba baada ya mabadiliko hayo matumizi ya nguo za wanawake na watoto yalipanda yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Kilichobadilika ni mkono unaopokea.

Basi swali letu la somo zima ni hilo hilo moja: pesa inaingia mkono wa nani? Tulibebe hadi mwisho.

Ukatili usioacha alama

Tukisikia ukatili wa nyumbani, tunawaza ngumi na fimbo. Huo upo, tena sana. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Utafiti wa 2022 ulipata asilimia 27. Namba imeshuka, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne.

Pamoja na ngumi kuna ukatili wa kiuchumi, na huu hauhitaji hata kupaza sauti. Mke analima kahawa na kuivuna, ila uanachama wa chama cha msingi uko kwa jina la mume, kwa hiyo malipo ni ya mume. Mke anauza ndizi gulioni, jioni anatakiwa kukabidhi. Laini ya simu inayopokea pesa inakaa mfukoni mwa baba. Mkopo unachukuliwa kwa jina la mama, pesa inaliwa na baba, deni linabaki kwa mama. Halafu siku ya kipigo watu wanauliza, "Kwa nini asiondoke?" Aondoke na nini? Nauli yenyewe aiombe kwa anayempiga?

Majirani zetu wameuandika ukatili huu kwenye sheria. Uganda iliuweka katika sheria yake ya ukatili wa majumbani ya 2010, Kenya katika yake ya 2015. Uingereza nayo iliutaja kwa jina katika sheria ya 2021. Sisi Tanzania hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani. Tunaokota vifungu kwenye Sheria ya Ndoa, Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mtoto. Vifungu vyenyewe si vibaya. Shida ni kwamba anayevihitaji hajui viko wapi.

Milango mitatu ya fedha, na kizingiti cha kila mmoja

Mlango wa kwanza ni TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mpango wa kunusuru kaya maskini tunaoujua leo ulizinduliwa 2012. Majina ya kaya hupendekezwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni, kisha kaya hufanyiwa tathmini. Ruzuku hulipwa kwa kaya, na sehemu yake inategemea watoto kupelekwa kliniki na kuhudhuria shule. Kaya yenye watu wa kufanya kazi hupata pia ajira za muda. Kwa kawaida mwanamke wa kaya ndiye anayepewa kipaumbele cha kuwa mpokeaji. Hapo wabunifu wa mpango walifikiri vizuri.

Kizingiti kiko hapa. Tuseme mama wa mfano wetu amepigwa, amebeba watoto wawili, amerudi kwa wazazi wake kijiji cha jirani. Sasa yeye ni kaya gani? Kwenye daftari bado yuko kule alikokimbia. Kule kwa wazazi anaonekana mgeni. Kama laini ya malipo iko kwa mume, ruzuku iliyopangwa kwa ajili ya watoto inaendelea kumfikia mtu asiyeishi na watoto hao. Kompyuta haiwezi kujua kwamba nyumba imevunjika. Lazima mtu aende kusema: kwa mtendaji wa kijiji, kwa kamati ya jamii inayosimamia mpango na kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, ili taarifa za kaya zirekebishwe. Na hakuna anayekwenda kudai marekebisho asiyoyajua.

Mlango wa pili ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Sheria ilirekebishwa 2018 ili mgawo uwe 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na matatizo ya usimamizi, ikarejeshwa 2024. Anayeshika mlango huu kwenye kata ni Afisa Maendeleo ya Jamii. Kizingiti chake ni kikundi kilichosajiliwa. Manusura aliyekuja kijijini wiki iliyopita hana kikundi, na kikundi hakimpokei mtu kisichomjua, kwa sababu wanachama wanadhaminiana.

Mlango wa tatu ni vikundi vya kuweka na kukopa: VICOBA, hisa, vya kufa na kuzikana. Kwa mwanamke wa Bugarama hii ndiyo benki iliyo karibu kuliko zote. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, jambo linalowalinda wanachama. Kizingiti chake ni muda: hisa hukua polepole, wakati njaa ya watoto haisubiri mgao wa mwisho wa mwaka.

Milango yote mitatu ikichelewa kufunguka, kuna wa nne ambao uko wazi saa zote: kausha damu. Mtu anapewa laki leo, anarudisha kila wiki, akishindwa godoro linabebwa. Kumpeleka manusura kwenye kausha damu ni kumtoa kwenye mkono wa mume na kumkabidhi mkono mwingine.

Mlango tunaousahau: haki ya matunzo

Tunapozungumzia msaada wa fedha, mawazo yanakimbilia serikali na miradi. Tunasahau kwamba yupo mtu ambaye kisheria anadaiwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume kumtunza mke wake kwa malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kwa hiyo ile kauli ya "nilikuwa namfundisha mke wangu" haina makao katika sheria yetu kwa zaidi ya miaka hamsini sasa. Kwa kifungu cha 115, mahakama inaweza kuamuru matunzo hata kama ndoa haijavunjwa, endapo mume amekataa au amepuuza kumtunza mke. Hili wengi hawalijui. Wanadhani ni lazima talaka kwanza.

Na kwa wale ambao hawakufunga ndoa? Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na kuonekana na jamii kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Matunzo ya mtoto yanasimama pia juu ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na mtoto hapungukiwi haki kwa sababu wazazi wake hawakwenda kanisani wala msikitini.

Mali nazo? Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Swali la zamani lilikuwa: mama wa nyumbani amechuma nini? Mahakama ya Rufani ililijibu mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Wanafunzi wa sheria wanaijua kesi hii usingizini. Lakini tuisome mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara na mahakama ikaona alizitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mdai hakushinda. Funzo kwa mama wa Bugarama ni kwamba haki yake ipo, ila aweke kumbukumbu: nani alilima, nani alinunua bati, pesa gani ilienda wapi.

Shamba la Holaria

Kuna kesi nyingine iliyo karibu zaidi na mfano wetu, maana ilianzia mkoa huu huu, wilaya ya Muleba. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipofika uzeeni, hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hulitumia tu shamba la ukoo, haliuzi. Tangazo la Sheria za Kimila la 1963 lilisema hivyo kweli.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa. Mahakama ya Wilaya ikampa Holaria. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba Katiba inakataza ubaguzi, na kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Tuitazame kesi hii kwa jicho la somo letu. Holaria hakutafuta umaarufu wa kikatiba. Alikuwa mzee asiye na kipato, na shamba lile ndilo lililokuwa pensheni yake, bima yake na akiba yake. Kumzuia asiliuze ni kumwambia: utaishi kwa huruma ya ukoo. Mwanamke mwenye shamba kwa jina lake ana pa kushika, ndiyo maana ya Sen tuliyoianza nayo. Kabla ya kuuliza mradi gani uletwe Bugarama, tuulize hati ngapi za kimila pale zina jina la mwanamke.

Mpangilio wa hatua

Manusura akikufuata likizo, au akiwa shangazi yako, dada yako, jirani yenu, mpangilio huu unaweza kusaidia. Unafuata mantiki ya mkono: kwanza awe salama, halafu kila kitu kinachopokea pesa kiwe mkononi mwake.

1. Matibabu na taarifa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea malalamiko na kutoa fomu namba 3, yaani PF3. Kama hali ni mbaya aende kituo cha afya kwanza. Shambulio la kudhuru mwili ni kosa la jinai kwa kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Likimhusu mtoto, namba 116 ni bure.

2. Nyaraka. Namba ya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kadi ya TASAF, karatasi ya mauziano ya shamba. Asipoweza kuzibeba, azipige picha azitume kwa mtu anayemwamini. Mikoa ya mpakani uhakiki wa uraia una maswali mengi, hivyo kupoteza kitambulisho Ngara kunaweza kugharimu zaidi kuliko kukipoteza Morogoro.

3. Simu. Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vyake mwenyewe, na namba ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo.

4. Taarifa za kaya. Mtendaji wa kijiji, kamati ya TASAF, Afisa Ustawi wa Jamii. Aseme wazi kwamba watoto wanaishi naye.

5. Matunzo. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hutoa huduma bila malipo kwa wasio na uwezo. Anayetaka talaka atapitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria.

6. Mtaji. Huu uje mwisho, na uanze na hisa ndogo za kikundi. Mkopo ni mzigo, na mzigo hautwishwi mtu ambaye jeraha lake bado bichi.

Je, pesa peke yake inatosha?

Hapana, na tusidanganyane. Mwanamke anapoanza kupata chake, kuna nyumba ambamo mume hupumua, na kuna nyumba ambamo huona ametishiwa akaongeza kipigo. Jijini Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Kagera, watafiti wa mradi wa MAISHA walichukua wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo midogo. Baadhi ya vikundi vikapewa vipindi 10 vya mafunzo kuhusu mahusiano, haki na namna ya kuzungumza ndani ya nyumba. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha ukatili wa kimwili ulikuwa mdogo zaidi kwenye vikundi vilivyofundishwa. Wote walikuwa na mkopo. Tofauti ililetwa na mazungumzo.

Kwa hiyo siku ya malipo ya TASAF, watu wakiwa wamekusanyika, au siku ya kikao cha hisa, ndiyo fursa ya kuzungumza. Na wanaume wawepo.

Sisi na likizo ndefu

Kuna tabia ya kuona mambo haya ni ya wenye digrii za ustawi wa jamii. Lakini wewe unayesoma uhasibu unaweza kuwafundisha akina mama wa kikundi kimoja kutunza daftari la hisa ambalo mahakama italiamini. Unayesoma sheria unaweza kusoma vifungu vya 63, 66, 114, 115 na 160 kwa Kiswahili cha kawaida mbele ya baraza la kata. Unayesoma teknolojia ya habari unajua namna ya kubadili namba ya siri, na kumbe kuna mama hajui kwamba inabadilishwa. Na sote tunaopokea bumu tunajua ladha ya pesa inayoingia kwenye akaunti yenye jina lako. Ukikosa kuipata kwa wiki mbili, chuo kizima kinajua. Kuna watu wanaisubiri kwa miaka.

Maswali ya kujadili

1. Kama wewe ni mratibu wa TASAF, utathibitishaje kwamba kaya imevunjika bila kumweka mama hatarini kwa mumewe?
2. Je, asilimia 4 ya wanawake itengewe fungu la manusura wasio na kikundi? Nani ataamua nani ni manusura, na siri yake italindwaje?
3. Shamba la kwenu limeandikwa jina la nani? Ukirudi likizo, utamuuliza nani?